Duka la Bwana Mapera

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Liko kwenye ukaguzi mpaka mwisho wa mwaka wa fedha, na sisi raia wema tumeombwa tusilitumie ovyo lisije likachakaa. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo, na vitabu vya hesabu vinavyolingana. Bendera na wimbo hata majirani wanavyo. Vitabu vinavyolingana miaka yote, bila kukosa hata senti, tunavyo sisi peke yetu.

Vinalingana kwa amri. Miaka ishirini na mitatu iliyopita Mlezi wa Taifa aliletewa taarifa ya fedha ambayo upande wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Aliitazama kwa huzuni, akasema, "Huu si umoja." Kufikia adhuhuri hasara ilikuwa imefutwa kwa sheria. Tangu siku hiyo kitabu kisicholingana ni kosa la jinai, sawa na kuchana noti. Kalamu nyekundu zilikusanywa nchi nzima zikazikwa kwa heshima zote, na walimu sasa husahihisha kwa kijani. Kikokotoo cha serikali hakina kitufe cha kutoa. Mwenye kulazimika kutoa huenda chooni na kipande cha karatasi, hutoa huko, hunawa mikono, hurudi.

Nayasema haya kwa fahari kwa kuwa mimi ni mhasibu. Cheti ninacho, ingawa kwa sasa kimeshikiliwa mahakamani kama kielelezo.

*

Kwetu ni Kitumbi-Juu, na mama yangu anaitwa Mama Kidawa, kwa sababu Kidawa ni mimi na hana mwingine. Alikuwa fundi cherehani. Hospitali ya karibu kutoka kwetu ni mwendo wa saa tano kwa miguu, na wajawazito wetu walibebwa kwenye kitanda cha kamba. Wengine walirudi na watoto. Wengine walirudi juu ya kitanda kile kile wamefunikwa uso.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, Waziri wa Afya, Majengo na Shukrani alikuja kutuwekea jiwe la msingi la zahanati. Alisoma ramani kwa sauti: wodi mbili, chumba cha kujifungulia, na ofisi ndogo ya karani wa hesabu. Kisha akatazama umati, akasema karani huyo atatoka hapa hapa. "Nileteeni mtoto wenu mwenye cheti, nami nitampa kiti."

Mama alirudi nyumbani, akakaa, akaitazama cherehani yake kwa muda mrefu. Juma lililofuata ilikwisha kuuzwa.

"Mama, utashona na nini?" nilimuuliza.

"Sindano ya mkono ipo. Wewe nenda kasome. Ile ofisi ina mtu wake, na mtu wake ni wewe."

Basi nilikwenda chuoni kwa ajili ya kiti kimoja katika jengo moja. Tukilisubiri lijengwe, watu wa kwetu waliendelea kuanika udaga juu ya jiwe la msingi. Ni jiwe zuri, lina mteremko kidogo, na mihogo hukauka juu yake upesi.

*

Juu ya geti la Chuo cha Taifa cha Hesabu Safi wameandika: *Mali bila daftari hupotea bila habari*. Mwanafunzi mpya hula kiapo chini ya maneno hayo, mkono wa kulia juu ya leja na wa kushoto ukiwa wazi, ili ionekane hajaficha stakabadhi.

Mwalimu wetu wa misingi ya uhasibu aliitwa Chilongola. Alikuwa na koti moja lenye chaki mpaka kwenye viwiko, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Siku ya kwanza aliingia bila kitabu. Alitembea mpaka dawati langu, akaniwekea karanga moja kiganjani.

"Binti, jina lako?"

"Kidawa, mwalimu."

"Kidawa, una nini mkononi?"

"Karanga."

"Imetoka wapi?"

"Kwako."

"Basi umemaliza nusu ya kozi," alisema, na darasa likacheka. "Hakuna kitu kinachoingia mahali bila kutoka mahali. Ukiona kimeingia, usishangilie, uliza kimetoka wapi. Ukiona kimetoka, usilie, uliza kimeingia wapi. Unakiandika mara mbili, kilikotoka na kilikoingia. Mengine yote ni mistari ya rula."

Nilikuwa sijawahi kusikia jambo la haki kama lile. Nilikotoka vitu vilipotea tu. Ng'ombe alipotea, mchango wa shule ulipotea, na watu walisema ni mipango ya Mungu. Leo mtu mzima mwenye miwani ananiambia hakuna kinachopotea, kila kitu kipo mahali, kazi ni kuuliza. Nilimpenda mwalimu yule siku hiyo hiyo, kama mtoto anavyompenda baba, na baba yangu nilikuwa simkumbuki.

Naye alinipenda, au ndivyo nilivyoandika kichwani mwangu. Aligundua sili mchana. Bi Sharifa aliuza karanga za kukaanga pale getini, kifuko kimoja shilingi mia, na kila siku ya masomo Mwalimu Chilongola alinunua kifuko akakiacha juu ya dawati langu bila kusema neno. Mwaka wetu wa masomo una siku mia mbili na kumi. Hakukosa hata moja, hata siku ya mafua.

Ilipofika ada ya mtihani, shilingi elfu themanini na nne, nilimwandikia mama barua ya kuaga masomo. Mwalimu aliiona juu ya dawati, akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni kwake. Kesho yake jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliolipa.

"Mwalimu, nitakulipa nini mimi?"

"Utanilipa kwa kulinganisha vitabu, mwanangu."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wamesema wahenga. Nilikwenda kulia chooni, katikati ya watu waliokuwa wakifanya hesabu za kutoa.

*

Aliyesoma hesabu anajua kwamba kila darasa hupewa mfanyabiashara wa mazoezi. Mtu huyo hayupo duniani, lakini ananunua, anauza, anakopa, na wanafunzi wanamwandikia vitabu. Wetu aliitwa Bwana Mapera. Alikuwa na duka la saruji, mabati na vitanda.

Kila Ijumaa Mwalimu Chilongola alikuja na furushi la hati za malipo na stakabadhi za Bwana Mapera. Zilikuwa karatasi za kweli, zenye mikunjo na madoa ya chai, ila sehemu ya juu ya kila moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Mwalimu alisema ameikata ili tusizoee kutegemea nembo. Wanafunzi hamsini tuliinama tukaandika mpaka vidole vikavimba, na Jumatatu alizikusanya zote akaondoka nazo kwenye baiskeli. Tuliona fahari. Vyuo vingine vilipewa mazoezi ya mistari sita, sisi tulipewa ya magunia.

Ilikuwa kwa Bwana Mapera tulikojifunza matumizi binafsi ya mwenye duka.

"Tarehe nne," mwalimu alisoma, "Bwana Mapera alichukua mifuko mia nne ya saruji, akapeleka nyumbani kwake."

Jirani yangu wa dawati, Mbaruku, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huo si wizi?"

"Duka ni la nani?"

"La Bwana Mapera."

"Mtu anajiibia vipi? Mwenye duka akichukua kitu dukani mwake, tunaandika amechukua, basi. Hatumgombezi."

Tukaandika. Tarehe tisa alichukua mabati mia mbili na sitini. Tarehe kumi na mbili alichukua vitanda viwili vya kujifungulia.

"Mkewe atakuwa na mapacha," Mbaruku alisema, na tukacheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Tulimzoea mtu yule. Tulibishana juu ya tabia yake kama tunavyobishana juu ya mjomba mlevi, wengine wakisema ana roho nzuri ila hajui kujizuia. Jambo moja tu lilinikwaza. Katika mali za duka kulikuwa na malipo ya jengo, na maelezo ya jengo yalisema: wodi mbili, chumba cha kujifungulia, ofisi ndogo moja.

"Mwalimu," niliuliza, "duka gani lina wodi?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Aliifuta muda mrefu, na koti lile lilikuwa na chaki, kwa hiyo ilizidi kuchafuka.

"Duka la kisasa, mwanangu."

Nikaandika. Mtu aliyenifundisha kuuliza, jibu lake niliona halina haja ya kuulizwa. Mbaruku yeye aliendelea kuuliza, na mwezi uliofuata alihamishiwa kozi ya Mapokezi ya Wageni, ambako nasikia anatandika mazulia vizuri sana.

*

Mtihani wa mwisho ulikuwa swali moja: andaa urari wa duka la Bwana Mapera kwa mwaka mzima, pande zote mbili zilingane. Saa sita. Askari wawili mlangoni, kwa ajili ya kulinda utulivu wa namba.

Haukulingana. Upande mmoja ulipungua shilingi milioni thelathini na nane na laki nne. Saa ya tatu wenzangu walianza kulia. Mmoja aliomba ruhusa ya kwenda kutoa chooni akanyimwa, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika uwanjani. Mimi nilikumbuka karanga. Fedha zimetoka, basi zimeingia wapi? Nilizifuata karatasi moja moja mpaka nikazipata. Zilitoka kulipia jengo. Zilitoka kwa awamu nne, kila awamu na sahihi yake. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Hapakuwa na hati ya kupokea jengo, wala funguo, wala bili hata moja ya maji.

Nikafikiri kama nilivyofundishwa. Mtu amelipia jengo, basi jengo liliingia. Nikaliandika. Lakini mwisho wa mwaka jengo halimo kwenye orodha ya mali. Na kitu kilichokuwapo mwanzo, kisha mwisho hakipo, na hakikuuzwa, kimefanya nini? Kimechakaa. Uchakavu tuliusoma muhula wa pili: gari huchakaa, meza huchakaa, kila mwaka unapunguza thamani kidogo kidogo. Nililichakaza jengo lote kwa mwaka mmoja, kutoka milioni thelathini na nane na laki nne mpaka sufuri. Pande zikakaa sawa kama mabega ya askari.

Nilisikia pumzi ya mwalimu nyuma yangu.

"Mwalimu, si limechakaa haraka mno?"

"Kuna mvua, mwanangu," alisema polepole. "Sahihi sasa. Pale chini."

Chini ya ukurasa palikuwa na mistari mitatu: Imeandaliwa na. Imekaguliwa na. Imeidhinishwa na. Nilitaka kuandika namba yangu ya mtihani, kama kwenye mitihani mingine.

"Jina kamili," alisema. "La baba pia, na la kijiji. Mhasibu haionei haya kazi yake."

Hili kosa ni letu sisi wanafunzi wa hesabu. Fundi seremala haandiki jina kwenye kiti cha mazoezi. Sisi tulikuwa tumeota mwaka mzima kuandika jina kwenye mstari ule, na wenzangu waliokuwa wakilia walininyooshea shingo kwa wivu. Nikajaza mstari wa kwanza wote. Mwalimu akaniletea wino, nikaweka na dole gumba.

"Na hii mistari miwili, mwalimu?"

"Hiyo ni ya wakubwa. Wakubwa hawana haraka."

Akaweka alama ya vema ya kijani pembeni.

*

Nilikuwa wa kwanza kwa nchi nzima. Tuzo zilitolewa nyumbani kwa Waziri wa Afya, Majengo na Shukrani, nyumba mpya juu ya kilima. Mama alikuja na kuku, akiwa amevaa gauni alilolishona kwa sindano ya mkono. Wakati wa dua nilihesabu mabati ya paa, kwa mazoea tu ya kazi. Yalikuwa mia mbili na sitini. Nilifurahi kukutana na namba ninayoifahamu.

Mheshimiwa alihutubu saa mbili.

"Ndugu wananchi, taifa ni mizania! Upande mmoja wa mizania nipo mimi. Upande wa pili mpo ninyi nyote. Na tazameni wenyewe, tunalingana! Wako watu wa nje wanaotuuliza, kitu fulani kiko wapi, kitu fulani kiko wapi. Nawaambia waje wamwone binti huyu. Yeye anajua kila kitu kiko wapi."

Watu walipiga makofi, na Mwalimu Chilongola alipiga pia, akiangalia viatu vyake. Baada ya chakula Mheshimiwa alijinyoosha barazani juu ya kitanda cha chuma chenye mikono miwili ya kuning'inizia miguu. Kulikuwa na kingine kama hicho, kimetandikwa mito ya wageni.

"Hivi vitanda vya namna gani?" mama aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Vya kisasa, mama."

*

Nilirudi Kitumbi-Juu na cheti kwenye bahasha ya plastiki, kwenda kukalia kiti changu. Niliona umati kwenye kiwanja cha zahanati, nikadhani ni wajenzi. Mgambo alikuwa akigongomelea tangazo kwenye nguzo. Nililisoma kwa sauti kwa ajili ya wazee, maana mimi ndiye msomi.

"Zahanati ya Kitumbi-Juu, iliyojengwa, kukamilika na kuchakaa yote katika mwaka mmoja wa fedha, ni hatari kwa usalama wa umma. Wote waliomo ndani wanatakiwa kutoka mara moja."

Watu walitazamana. Walikuwa wamesimama katikati ya majani, mbele ya jiwe la msingi lenye udaga. Mzee mmoja akawaambia wasibishane na serikali, na kwa utii wote tukasogea pembeni, tukaiachia zahanati nafasi ya kubomoka.

Chini ya tangazo kulikuwa na ukurasa wa ushahidi. Niliujua kabla sijaukaribia. Ilikuwa mistari yangu ya rula, na ile vema ya kijani. Hata dole gumba lilionekana vizuri. Juu, pale ambapo siku zote palikuwa pamekatwa kwa mkasi, sasa palikuwa pameunganishwa nembo ya wizara na jina la kijiji chetu.

Sitalizunguka jambo hili kwa maneno mazuri: niliumia. Saruji ya tarehe nne ilikuwa yetu. Mabati ya tarehe tisa yalikuwa yetu. Nilikuwa nimechekea vitanda vya kujifungulia vya jirani zangu, nimeandika mwenye duka amechukua, basi. Hapajawahi kuwa na duka. Mwaka mzima tulikuwa tukiwafanyia wakubwa usafi wa vitabu bila malipo, na mtu aliyetuletea kazi hiyo kwa baiskeli ndiye aliyekuwa akinilisha karanga.

Mama hajui hesabu, lakini sahihi yangu anaijua. Aliweka kidole juu yake.

"Huu si mkono wako?"

"Wangu, mama."

"Umeandika nini hapa?"

"Nimeandika kuwa zahanati ilijengwa ikachakaa."

"Uliiona wapi?"

Watu wote walinitazama kama wanavyomtazama mgambo.

"Niliuza cherehani yangu, Kidawa," mama alisema. "Niliuza ukajifunze kuandika hivi?"

Hakupaza sauti. Aliinama, akageuza udaga upande wa pili ukauke. Hakunitazama tena siku ile, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho mimi kulala nyumbani.

*

Wale watu wa nje aliowataja Mheshimiwa walikuja kweli. Wao ndio waliokopesha fedha za zahanati, na walikuwa na tabia mbaya ya kutaka kuona. Waliona jiwe, waliona mihogo, wakapiga picha. Wakaomba wamjue mwenye hesabu. Wizara ikawapa ukurasa, na kwenye mistari mitatu ya chini, mmoja tu ulikuwa na jina.

Mashitaka yalisema nimepoteza jengo. Hakimu alikuwa mtu mpole aliyevaa joho lenye pande mbili zinazolingana. Aliniuliza kama mkono ule ni wangu, nikasema ndiyo. Dole gumba? Langu. Akasema basi kesi ni fupi, tumsikilize shahidi wa serikali tukale.

Shahidi wa serikali alikuwa Mwalimu Chilongola. Alikuwa na koti jipya, na miwani isiyo na uzi.

"Unamfahamu mshitakiwa?"

"Namfahamu mshitakiwa," alisema. Mwaka mzima nilikuwa "mwanangu".

"Ulimfundisha kuchakaza majengo kwa mwaka mmoja?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilimfundisha kila siku kuuliza: kilichotoka kimeingia wapi? Siku ya mtihani hakuniuliza."

Nataka kusema alidanganya, lakini hesabu hazidanganyi kwa sababu mtu amekasirika. Alisema kweli tupu. Nilimwamini yeye badala ya somo lake, na hilo ndilo alilolitumia.

Kama kielelezo cha mwisho wakaleta daftari lake. Mwalimu Chilongola ni mhasibu hasa, hawezi kufanya jambo bila kuliandika. Kwenye jalada palisomeka: *Gharama za Matunzo ya Mwandaaji, Mwaka wa Kumi na Saba*. Nyuma yangu kulikuwa na majina kumi na sita, moja kwa kila mwaka. Baadhi yao nimekuja kuwafahamu, na sasa tunakula meza moja humu gerezani.

Nilipewa nafasi ya kulipitia daftari, na swali moja. Ukurasa wangu ulikuwa umejaa karanga. Kila siku ya masomo, mstari mmoja: *Karanga za K., shilingi mia tano*, na muhuri wa wizara kuwa amelipwa. Nilitafuta ada ya mtihani kwenye daftari zima, mbele na nyuma. Haikuwamo. Nisiwafiche, moyo wangu uliinuka. Nilisema, alinilisha kwa kazi, sawa, lakini ile elfu themanini na nne hakumwomba mtu amrudishie. Ile ilitoka mfukoni kwake. Aliniona siku ile kama mtu, japo siku moja.

Nikauliza swali langu.

"Mwalimu, kifuko cha karanga kwa Bi Sharifa ni shilingi ngapi?"

Mwanasheria wa serikali alipinga kwamba karanga hazimo kwenye mashitaka. Hakimu akasema ajibu, ana njaa.

"Mia," alisema mwalimu. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

Sikuruhusiwa swali la pili, lakini yeye mwenyewe alinifundisha kwamba swali moja lina pande mbili. Ameandika mia tano, ametoa mia. Kuna mia nne kila siku. Mia nne zimeingia wapi?

Niligeuza hati ya mashitaka, nikafanya hesabu nyuma yake kwa kalamu ya kijani ya mahakama. Kwenye geti la chuo waliandika kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe yenye daftari hupotea pia, ila habari zake hupigwa muhuri. Shilingi mia nne, mara siku mia mbili na kumi. Nilirudia mara tatu, nikitumaini nimekosea, hata kwa shilingi moja.

Elfu themanini na nne kamili. Katika nchi yetu yote hiyo ndiyo hesabu pekee niliyoiona ikilingana bila kusukumwa.